LakeFinder ya Minnesota: Huduma Inayolipima Ziwa kwa Ndugu Zake

LakeFinder ni huduma ya mtandaoni ya Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota nchini Marekani, na katika ukurasa wa kila ziwa lililofanyiwa uchunguzi wa samaki huweka jedwali lenye safu moja ya tarakimu ambayo wavuvi wengi huiruka. Macho huenda kwanza kwenye idadi ya samaki walionaswa, kisha kwenye uzito wao, halafu mtu hufunga simu na kubeba ndoana zake. Safu ninayoizungumzia imekaa ubavuni mwa hizo, imeandikwa kuwa ni kiwango cha kawaida, nayo inaeleza ni samaki wangapi wa aina fulani hunaswa kwa kila wavu katika maziwa mengine yanayofanana na hilo kwa umbo na kwa kemia ya maji. Nimeitumia huduma hii kwa miaka sita tangu nihamie Saint Paul, mji mkuu wa jimbo hilo, na tathmini hii yote imejengwa juu ya safu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoitofautisha LakeFinder na orodha nyingine za maziwa nilizowahi kuzifungua.

Nimezaliwa Ukerewe, katika nyumba iliyosomesha watoto kwa fedha ya dagaa. Kwetu mtu anayekwenda kuvua husema tu kwamba anakwenda ziwani, wala hakuna anayemuuliza ni ziwa gani, maana ziwa ni moja, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ng'ambo yake haionekani. Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, yaani kuanzia hekta 4 hivi, na kila moja lina tabia yake. Mgeni aliyelelewa na ziwa moja hufika huku akidhani kwamba maji ni maji, na kwamba ziwa na ziwa hutofautiana kwa ukubwa tu. Dhana hiyo ndiyo iliyotupoteza, mimi na rafiki yangu, katika mwezi wetu wa kwanza wa kuvua.

Rafiki yangu huyo ni mtu wa Uvira, aliyekulia kando ya Tanganyika, ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470 na ambako mtumbwi ukisogea kidogo tu kutoka ufukweni tayari uko juu ya shimo. Mwezi Mei, msimu wa walleye ulipofunguliwa, tulikata leseni, tukaingia katika duka moja la vifaa vya uvuvi, na muuzaji akatuuzia chambo hai na risasi za ndoana huku akituhakikishia kwamba walleye yumo katika kila ziwa la mji. Walleye ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu mwaka 1965. Jicho lake lina utando unaorudisha mwanga kama jicho la paka, kwa hiyo huwinda vizuri wakati wa machweo na katika maji yenye ukungu, na nyama yake nyeupe hupendwa hapa kama sato anavyopendwa kwetu. Tulikwenda ziwa Como, lililo ndani ya bustani ya mji, tukakaa gatini tangu saa tisa alasiri hadi giza. Rafiki yangu alishusha mshipi wake, nao ukalegea papo hapo.

"Kaka," akaniambia, "risasi imefika chini kabla sijaiachia vizuri."

Tukahamia ncha nyingine ya gati, mambo yakawa yale yale, na kila tulipoinua ndoana ilikuja imevikwa majani. Hadi usiku tulikuwa na bluegill watatu, kila mmoja mpana kama kiganja, na kambare wadogo weusi ambao huku huitwa bullhead. Ndani ya basi la kurudi nyumbani, ndipo kwa mara ya kwanza nilipoandika jina la ziwa lile katika LakeFinder na kusoma kile ambacho nilipaswa kukisoma asubuhi.

Como lina ekari zipatazo 70, na mahali pake penye kina kirefu kabisa ni karibu futi 15, yaani mita 4 na nusu hivi. Idara ya Maliasili huhesabu sehemu yote ya ziwa yenye kina kisichozidi futi 15 kuwa ni eneo la maji mafupi, lile ambalo mwanga wa jua huweza kufika chini na majani kuota. Kwa kipimo hicho Como karibu lote ni maji mafupi, wala hakuna pahala ndani yake panapostahili kuitwa kilindi. Kilomita chache upande wa mashariki, ndani ya mji huo huo, kuna ziwa Phalen lenye ekari 198 na kina cha futi 91, ambazo ni kama mita 28. Mvua moja huyanyeshea yote mawili na barafu huyafunika katika majira yale yale, lakini kwa samaki hizo ni nyumba mbili zisizofanana hata kidogo.

Katika ziwa fupi lenye rutuba, maji ya mvua yanayotiririka kutoka barabarani na bustanini huleta fosforasi, fosforasi hulisha mwani na majani, na majira ya kiangazi maji hugeuka kijani. Majira ya baridi barafu huziba juu, theluji huizuia nuru, majani hufa na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni iliyobaki katika maji yaliyo machache tangu mwanzo. Baridi ikiwa ndefu, samaki wengi wa maziwa ya namna hiyo hufa chini ya barafu bila mtu kuona hadi Aprili, wanapoelea ufukweni, na mara nyingi wanaosalia ni kambare wale weusi, kwa sababu wao huvumilia oksijeni kidogo kuliko wenzao. Mtu aliyeyafahamu haya haendi kwenye ziwa la aina hiyo kumtafuta walleye, hata akiambiwa kwamba wamewahi kutiwa humo.

Huduma nyingi za mtandaoni zingeweza kunipa kina cha Como na eneo lake. LakeFinder inazidi hapo kwa kuwa nyuma ya kurasa zake kuna kazi ya uainishaji iliyofanywa kwa uvumilivu mkubwa. Mwaka 1992 Dennis Schupp, mtaalamu wa uvuvi wa idara hiyo, alitoa ripoti iliyoyapanga maziwa ya jimbo katika makundi zaidi ya 40 kwa kutazama mazingira yake. Alitazama eneo la ziwa, kina chake, sehemu ya ziwa iliyo maji mafupi, wingi wa mikunjo ya ufukwe, uangavu wa maji na kiasi cha alkali. Kila kipimo kina maana kwa samaki. Ufukwe wenye ghuba na rasi nyingi hutoa mazalio na maficho mengi kuliko ufukwe wa mviringo. Alkali huonyesha mwamba na udongo ambao maji yamepitia, ndiyo maana maziwa ya kaskazini-mashariki ya jimbo, yaliyokaa juu ya mwamba mkongwe, huwa na maji laini yenye chakula kichache, ilhali yale ya mbuga za kusini-magharibi huwa mafupi na yenye rutuba nyingi. Uangavu hupimwa kwa sahani ya Secchi, ambayo hushushwa majini kwa kamba hadi isionekane tena, na kipimo cha kamba husomwa. Kifaa hicho kimerithiwa kutoka kwa padri wa Kiitalia wa karne ya 19, na hadi leo hakijapata mshindani kwa urahisi.

Kuna pia kipimo ambacho kina historia na Afrika. Mwaka 1965 Richard Ryder wa Kanada alipendekeza kwamba chumvi zote zilizoyeyuka majini zigawanywe kwa kina cha wastani cha ziwa, na jibu litoe fununu ya samaki wanaoweza kuvuliwa humo: maji yenye madini mengi na kina kifupi huzaa zaidi, maji maskini na yenye kina kirefu huzaa kidogo. Mwaka 1974 Henderson na Welcomme walikijaribu kipimo hicho katika maziwa ya Afrika. Hivyo msomaji wa Mwanza au wa Kisumu asidhani kwamba hesabu hizi ni za watu wa barafu pekee.

Jambo ninalolisifu zaidi katika kazi ya Schupp ni mpangilio wake: makazi yalitangulia, samaki wakafuata. Yeye hakuyapanga maziwa kwa samaki waliokutwa humo. Aliyapanga kwa umbo na maji yake, kisha akaeleza ni jamii gani ya samaki huambatana na kila kundi. Tofauti hiyo ni kubwa mno katika usimamizi. Tukiliainisha ziwa kwa samaki waliomo leo, ziwa lililokombwa na makokoro litaandikwa kuwa ni ziwa maskini, na hakuna atakayeuliza umaskini huo umetoka wapi. Tukiliainisha kwa makazi yake, ziwa hilo hilo litakaa kundini na ndugu zake wenye samaki wengi, na upungufu wake utaonekana waziwazi kwa mtu yeyote anayejua kusoma jedwali.

Na sasa nilifungue jedwali lenyewe. Wachunguzi hutega nyavu za kunasa zenye urefu wa futi 250, kila moja ikiwa na vipande vitano vya matundu tofauti ili samaki wa ukubwa mbalimbali wapate kunaswa, na karibu na ufukwe hutega mitego ya wavu yenye mlango, inayofanya kazi kama mgono mkubwa. Kwa kila aina ya samaki hupatikana wastani wa idadi kwa wavu mmoja. Kando ya wastani huo ndipo huwekwa kiwango cha kawaida, nacho hupatikana hivi: maziwa ya kundi hupangwa kuanzia lenye samaki wachache hadi lenye samaki wengi, robo ya chini na robo ya juu huwekwa pembeni, na nusu inayobaki katikati ndiyo huitwa kawaida. Uzito wa wastani nao hupewa kiwango chake.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wavu umenasa walleye 2 na kiwango cha kawaida ni 3 hadi 8, lakini uzito wao umepita kiwango. Maana yake ni kwamba waliopo wanashiba, ila vijana wanaowafuata ni wachache, na swali linalofuata ni la mazalio au la uvuvi. Tugeuze mfano: bluegill wamenaswa 60 ilhali kawaida ni 10 hadi 35, na uzito wao uko chini ya kiwango. Hapo samaki wamebanana na kudumaa, na ruhusa ya kuvua zaidi haiwezi kuwadhuru. Wavuvi wawili wanaweza kulitazama ziwa hilo la pili, mmoja akasema ndoana haikai bila kushikwa, mwenzake akasema hakuna samaki wa kupeleka nyumbani, na wote wakawa wanasema kweli. Kiwango cha kawaida huyakutanisha maneno yao katika mstari mmoja.

Kwa meneja wa uvuvi safu hiyo ni ya fedha hasa. Kutia vifaranga ni kazi ya gharama, na kila jumuiya ya wenye nyumba kando ya ziwa hutaka ziwa lake litiwe walleye. Pale ambapo kundi la ziwa linaonyesha kwamba walleye hawatarajiwi kustawi, vifaranga huishia kuwa chakula cha paiki na bass. Pale ambapo walleye huzaa wenyewe vya kutosha, vifaranga vya ziada hugombea chakula na wenyeji. Faida iko katika maziwa ambayo makazi yanamfaa samaki mkubwa lakini hayana mazalio yake, na huwezi kuyatambua hayo kwa kuuliza ni nani anayelalamika kwa sauti kubwa zaidi. Ukurasa wa ziwa huorodhesha pia vifaranga vilivyotiwa katika miaka ya karibuni, kwa hiyo msomaji anaweza kuweka orodha hiyo kando ya jedwali la uchunguzi na kupima mwenyewe kama fedha imezaa samaki. Ni uwazi ninaoutamani sana kuuona katika idara za uvuvi za kwetu.

Hata hivyo huduma hii ina mipaka, na aliyeipenda kama mimi anawajibika kuitaja. Mpaka mkubwa kuliko yote umo ndani ya ile safu yenyewe: kawaida si afya. Kiwango hutokana na maziwa ndugu, na kama ndugu wote wameugua pamoja, mgonjwa ataandikwa kuwa mzima. Bluegill wakubwa wakivuliwa kila mahali kwa miaka mingi, uzito wa kawaida wa kundi zima hushuka polepole, na mvuvi wa leo atasoma kwamba ziwa lake liko sawa, ilhali babu yake angelitazama kwa huzuni. LakeFinder haina mahali inapomwambia msomaji jambo hili kwa maneno makubwa, nami nadhani ilistahili kumwambia.

Nyavu nazo zina upendeleo. Wavu wa kunasa humpata vizuri samaki anayetembea sana, kama walleye na paiki, lakini bass mwenye mdomo mkubwa, ambaye Wakenya wanamjua kutoka Naivasha alikoletwa mwaka 1929, hukaa ndani ya majani na kuupita pembeni. Wachunguzi huwatafuta bass kwa mashua yenye umeme unaowalewesha samaki kwa muda mfupi, tena mara nyingi usiku wa majira ya kuchipua. Msomaji anayeona bass wachache katika safu ya wavu asikimbilie kusema hawapo. Atazame kwanza ni kifaa gani kilichotumika, kwa kuwa jedwali hukitaja katika kila mstari.

Halafu kuna umri wa takwimu. Maziwa makubwa kama Mille Lacs, lenye ekari zipatazo 132,000, huchunguzwa kila mwaka, lakini maziwa madogo husubiri zamu kwa miaka kadhaa. Tarehe ya uchunguzi imeandikwa juu ya jedwali, na ushauri wangu ni kuisoma kabla ya tarakimu yoyote. Ziwa hubadilika. Katika Mille Lacs waligunduliwa mwaka 2005 wale kome wadogo wenye mistari kama ya pundamilia, ambao huchuja maji siku nzima, na maji yakiangaza zaidi, walleye mpenda giza hukosa raha huku bass akifaidi. Kundi la ziwa lililopangwa kwa uangavu wa zamani haliwezi kubaki sahihi daima, na joto la dunia linaongeza shaka hiyo, kwa sababu samaki wa maji baridi wanapoteza tabaka la chini lenye ubaridi na oksijeni ambalo walilitegemea kila kiangazi.

Katika jambo hili jimbo jirani la Wisconsin limekwenda hatua ya mbele. Uainishaji wake uliochapishwa mwaka 2019 uliyapanga maziwa 5,950 katika makundi 15 tu, na joto la maji limewekwa wazi ndani ya majina ya makundi. Kwanza maziwa hutenganishwa kuwa sahili au changamano kwa idadi ya aina za samaki wa kuvuliwa, kisha huulizwa kama ni ya joto au ya ubaridi, na kama maji yake ni maangavu au meusi. Limo pia kundi la maziwa ya ghorofa mbili, ambako juu huishi samaki wa maji ya uvuguvugu na chini, kwenye baridi, huishi wale wa jamii ya trauti. Picha ya ghorofa mbili inamfundisha mtu wa kawaida kwa haraka kuliko namba yoyote. Minnesota ina makundi mengi yenye usahihi mkubwa zaidi, lakini hayo yamefichwa nyuma ya safu ya kiwango cha kawaida, na msomaji hapewi jina la kushika. Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja katika LakeFinder, ningeliweka jina la kundi juu ya kila ukurasa, kwa maneno ya kueleweka, pamoja na orodha ya maziwa ndugu ili mvuvi ayatembelee.

Nimesema maziwa ndugu, na hapo mawazo yangu hurudi nyumbani. Ukerewe wazee walituhadithia ngege na furu, samaki wa asili wa ziwa letu, kana kwamba wanataja jamaa waliohama. Sangara alikuwa ameshaingia, mamia ya aina za furu yakawa yameporomoka miaka ya 1980, na ngege, ambaye alibanwa na nyavu na kisha na sato mgeni, akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa. Lakini ngege yumo hadi leo katika ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala upande wa Kenya, ziwa dogo na fupi ambalo mafunjo yamelizingira na kumzuia sangara asipite. Ukilipima Kanyaboli kwa kipimo cha ziwa Victoria, utaliandika kuwa ni kidimbwi kisicho na uzito katika soko. Ukiliweka katika kundi lake, pamoja na maziwa mengine madogo yaliyozingirwa na mafunjo kuzunguka Victoria na Kyoga, utaona kwamba kundi hilo ndilo ghala la samaki wa asili, na amri ya kwanza ya usimamizi wake haihusu matundu ya nyavu. Amri hiyo ni kwamba mafunjo yasikatwe na sangara asitiwe.

Vivyo hivyo kwa malambo ya Shinyanga na Tabora, kwa mabwawa makubwa kama Mtera na Nyumba ya Mungu, na kwa maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ambako hesabu ya alkali peke yake ingetosha kuyatenga. Rafiki yangu wa Uvira huniambia kwamba Tanganyika halina ndugu, na kwa kiasi kikubwa nakubaliana naye, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni, ufukwe wake wa maji mafupi ni mwembamba kama ukanda, na uvuvi wake umesimama juu ya ndakala na mikeke wanaoogelea katikati ya maji. Maziwa makubwa yetu huenda kila moja likawa kundi lake. Ni yale madogo, ambayo hakuna mtafiti anayeyafikia mwaka hadi mwaka, yanayohitaji kusimamiwa kwa kundi, na ni hayo ambayo huduma kama LakeFinder ingeyasaidia zaidi, kwa kuwa ofisa wa uvuvi wa wilaya angeweza kupima kina, uangavu na alkali kwa siku moja, akajua lambo lake linafanana na lipi, na akakataa au akakubali ombi la vifaranga akiwa na sababu mkononi.

Kuhusu matumizi yenyewe nitasema machache. Huduma ni bure, haidai kujisajili, na hufunguka vizuri katika simu. Majina ya maziwa hupotosha, kwa kuwa Long Lake ziko zaidi ya 100 katika jimbo, basi tafuta kwa wilaya au kwa ramani, au tumia namba ya ziwa: tarakimu mbili za mwanzo ni za wilaya, na kwa wilaya ya Ramsey ni 62, hivyo Como ni 62-0055 na Phalen ni 62-0013. Vipimo viko kwa futi, ekari na ratili. Maelezo ya kurasa za maziwa yako kwa Kiingereza, na kwa jimbo lenye wakazi wengi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, tafsiri ya sehemu moja tu ingeleta manufaa makubwa, nayo ni ile ya ushauri wa ulaji. Sehemu hiyo hueleza ni samaki gani wa ziwa gani waliwe mara ngapi kwa sababu ya zebaki na kemikali nyingine, na inatofautisha ushauri wa wajawazito na watoto na ule wa watu wengine. Akina mama wanaopika samaki wa jioni nzima kwa familia za watu wanane wanapaswa kuisoma katika lugha wanayoisemea jikoni.

Ninaipa LakeFinder nyota 4 kati ya 5. Nyota iliyobaki ninaishikilia kwa ajili ya jina la kundi lisiloonekana na kwa ajili ya onyo kuhusu kawaida na afya.

Siku hizi kwa walleye tunakwenda Phalen wakati wa machweo, mahali ambapo sakafu ya ziwa inashuka ghafla kuelekea kilindini, na rafiki yangu hulegeza mshipi wake kwa utulivu mpaka unyooke. Como hatukuliacha. Tunalirudia Januari, barafu ikiwa imefika inchi 4 au zaidi kwa kipimo chetu wenyewe, tunatoboa tundu juu ya majani ya mwaka uliopita, na tunawatafuta bluegill.